Ufunguo Haukatwi Vipande

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana si ile ya fisi kuvaa kanzu. Ni zamani ya juzi tu, ambayo waliokuwapo bado wanatafuna kwa meno yao wenyewe. Juu ya milima ya Upare, mahali tangawizi inapolimwa mpaka ukingoni mwa genge, palikuwa na gari moja. Nimesema moja. Lilishusha tangawizi sokoni, likapandisha saruji, likabeba maharusi, likabeba wagonjwa. Mwenye gari aliitwa Mzee Kajiru, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kukanyaga klachi.

Mzee Kajiru alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni Nakijwa, aliyeolewa bondeni, ndoa ikamshinda, akarudi kwao na sanduku la nguo na leseni ya udereva. Wa pili ni Senkondo, fundi, kijana asiyeweza kuona msumari uliopinda akaupita. Senkondo alimwoa Namkunda, muuza maandazi, mwanamke aliyeliita gari lile mke mwenzangu. Na haki alikuwa nayo. Mumewe alishinda amelala chini yake kutwa nzima, akirudi ndani ananuka grisi.

Dereva alikuwa Nakijwa. Hapa niseme wazi, maana hadithi yote imekaa hapa: katika ukoo ule binti aliyerudi kwao hakupewa shamba. Migunda ya baba ilikwisha kukatiwa Senkondo. Jikoni kulikuwa kwa wifi yake. Kitandani alilala kama mgeni asiyejua ataondoka lini. Ni pale nyuma ya usukani tu ndipo Nakijwa alipokuwa mtu wa nyumbani, na alipajua, na alipapenda kwa roho yake yote.

Siku moja alimpakia mama mwenye uchungu wa kujifungua. Hospitali iko ng'ambo ya mlima, na mlima ule haubembelezi. Katikati ya kilima mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu. Angesimama, injini ingepona. Hakusimama. Mtoto alizaliwa mikononi mwa wauguzi, akalia vizuri kabisa. Gari nalo lilifika, likatoa mvuke, likanyamaza.

Walipolifungua wakakuta silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda. Wakaibeba mpaka mjini, fundi wa mashine akaichonga hadi ikanyooka. Kwa kuwa ilipinda sana, aliichonga sana. Waliporudi nayo, Mzee Kajiru akaketi kwenye kigoda uani, akatoa ufunguo mfukoni, akauinua watu wauone.

"Wanangu, mimi usukani umeshanikataa," akasema. "Atakayeliamsha gari hili ndiye atakayelishika. Na msije mkaniambia tugawane. Ufunguo haukatwi vipande."

Basi kazi ikaanza, palepale uani, kati ya banda la mbuzi na kamba ya kuanikia nguo.

Nakijwa akairudisha hedi, akaikaza. Kisha, kabla ya kugusa stata, akatia spana kwenye nati ya krenki, mhimili wa injini, azungushe kwa mkono, maana baba yake alimlea hivyo: injini iliyofunguliwa huamshwa kwa mkono kwanza, kama mtu aliyelala. Akazungusha. Akazungusha. Tik! Spana ikagoma.

"Taka hiyo, dada," akasema Senkondo. "Piga stata, itajitoa yenyewe."

"Taka hukwaruza. Hii imegonga. Kuna vitu vinagusana humo ndani."

"Dada nawe! Mkono wako umechoka tu. Hebu nipishe."

Senkondo akauchukua ufunguo kwa baba, akainama dirishani kuuchomeka. Nakijwa akachomoa waya wa betri, akaukalia. Kaka mtu akazunguka gari, dada mtu akabaki ameketi. Mwisho Senkondo akaishika spana mwenyewe, akazungusha taratibu. Tik! Akatazama chini, akamrudishia baba ufunguo.

Jueni, enyi mnaonisikiliza kwa mikono misafi: ndani ya injini pistoni hupanda, vali hushuka, na kila mmoja humpisha mwenzake. Hedi ikichongwa sana, dari limeshuka, na vali zimeshuka nalo. Pistoni inapanda, inamkuta mwenzake bado yuko mlangoni. Kwa mkono ni tik. Kwa stata ni vali kupinda, pistoni kupasuka, na kwaheri gari.

Wafanyeje? Pistoni nyingine za injini ile zilikwisha kusahaulika madukani. Watie gasketi mbili chini ya hedi ziinyanyue? Mzee Kajiru alitikisa kichwa. "Hicho ni kiraka, na mlima haupandwi kwa kiraka." Ikabaki njia moja: pistoni zenyewe zichimbwe vijisahani mgongoni, vali zipate pa kuingia.

Sasa ikawa zamu ya Senkondo, na jamani, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwanza alitoa pistoni moja, akaigeuza, akapima unene wa mgongo wake kwa vidole na kwa rula. "Hili si gogo," akasema. "Nikizidisha, nimetoboa." Akachukua vali kuukuu, akaichonga meno usoni kwa tupa. Akaipitisha mahali pake pale pale kwenye hedi, akaifunga kwenye keke ya mkono, ile ya kutobolea mbao. Shingoni akaikazia kibano cha mpira wa maji kiwe mpaka: kibano kikigusa, meno hayashuki tena. Akapaka grisi pembeni mwa pistoni ili chenga zisidondoke chini. Ndipo akaanza kuzungusha keke, polepole, ulimi umetokeza kwenye kona ya mdomo.

Alichimba, akapuliza. Alichimba, akafuta. Alichimba, akatazama. Pistoni moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha akasugua kingo zote kwa msasa laini, kwa sababu ukingo mkali huwa kaa la moto na injini ikajiwasha ovyo. Nakijwa alimtazama na moyo ukamuuma kwa wivu. Mikono ile hakupewa yeye, na alijua.

Ikabaki kupima. Kwa Mzee Kajiru nafasi hupimwa kwa unga uliokandwa. Unabandika donge juu ya pistoni, unalipaka mafuta kidogo lisinate, unairudisha hedi, unazungusha kwa mkono, unafungua, unakata donge kwa wembe. Unene uliobaki pale vali ilipokanyaga ndiyo nafasi uliyonayo. Ukifika unene wa njiti ya kiberiti, umepona.

Senkondo akakimbilia jikoni. Mkewe alikuwa ameenda kuteka maji. Akaona beseni limefunikwa kitambaa, akanyofoa donge, akarudi. Wakabandika, wakakaza, wakazungusha. Safari hii hapakuwa na tik. Spana ilikwenda kama mkono ndani ya siagi.

Kabla hawajafungua, baragumu likalia. Barabara imekatika, watu watoke wote kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Na baragumu la msaragambo likilia, Mpare huacha hata mchuzi motoni, sembuse injini. Wakabeba majembe wakaenda. Jua likabaki peke yake na gari, likilipasha taratibu.

Waliporudi wakafungua hedi. Senkondo akakata donge kwa wembe, akaweka njiti ya kiberiti kando yake. Unga ulikuwa mnene kuliko njiti!

"Tumeshinda!" akapiga kelele. "Baba, lete ufunguo!"

Nakijwa aliona kwamba alama ya vali imefifia, haina ukali. Aliona. Lakini furaha haina miwani. Akacheka, akamkumbatia ndugu yake, wakaanza kupanga nati za kufungia moja kwa moja.

Ndipo Namkunda akatokea mlangoni, mikono kiunoni. "Nani ameninyofolea unga wangu?"

"Mimi, mke wangu. Umefanya kazi ya maana, njoo uone."

Namkunda akaja, akaliokota lile donge, akalipasua, akalinusa. Akaliangalia tena.

"Huu ni wa maandazi."

"Unga ni unga."

"Unga si unga! Huu una hamira, mume wangu. Mmeufungia humo, mkaenda zenu barabarani, jua likaupasha moto. Umeumuka! Tazama matundu haya. Mnachopima hapa ni maandazi yangu, si nafasi ya gari lenu."

Dada na kaka wakaziachia nati. Mbuzi tu ndiye aliyeendelea kutafuna.

Namkunda akaingia jikoni, akakanda unga mwingine, maji na chumvi tu, akaubandika kwa mkono wake mwenyewe kama anayetandaza chapati. Wakakaza, wakazungusha, wakafungua papo hapo. Wembe ukapita. Uliobaki ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu.

Nakijwa akalichukua donge, akalitazama. Kwa mkono vali ingepita. Lakini injini ikishakolea mlimani, vyuma vyake hupata moto na kutanuka, na ganda la kitunguu si nafasi. Aliliona gari limejaa tangawizi na watu juu yake, aliliona genge, aliisikia injini ikipasuka kwenye kona. Akamshika Namkunda mkono, na Namkunda hakuuondoa.

Senkondo akasogeza kibano, akachimba upya, akasugua upya. Namkunda akakanda upya. Nakijwa akazungusha upya. Wembe ukapita. Njiti ya kiberiti, kamili.

Mzee Kajiru akasema, "Ufunguo nageuza mimi, asije mtu akalidai gari kwa kidole kilichougeuza." Akajikongoja, akapanda, akageuza. Gari likakohoa. Likakohoa tena. Kisha likaitika, likanguruma, mbuzi akakata kamba, majirani wakaja mbio. Nakijwa akalia machozi mbele za watu na wala hakuyafuta.

Ndipo mikono mitatu ikanyooshwa dirishani.

Nakijwa akasema, "Baba, ni mimi. Bila mkono wangu kusikia ile tik, Senkondo angepiga stata, na leo tungekuwa tunauza chuma chakavu. Fundi angechimba nini? Mpishi angepima nini? Niliyelinda injini ni mimi."

Senkondo akasema, "Baba, ni mimi. Kusikia ugonjwa si kuutibu. Pistoni ziko hapo, nani mwingine angezichimba asitoboe? Tena, aliyelichemsha gari hili ni nani? Si dada huyuhuyu?"

"Nililichemsha nikiwa na mzazi ndani!" akajibu Nakijwa. "Mtoto yule sasa ananyonya. Ungependa nisimame?"

Namkunda akasema, "Baba, ni mimi. Hawa wawili walikuwa wamekwisha kupanga nati. Wangefunga, wangeliwasha, lingenguruma vizuri hapa uani, halafu lingewaua kwenye kona. Msikivu hakusikia, na fundi hakuona. Nimeona mimi."

"Wifi," akasema Nakijwa, "wewe hujui hata gia ya kurudi nyuma."

"Sijui, wifi yangu. Lakini baba hakusema atakayejua kuendesha. Alisema atakayeliamsha."

Mzee Kajiru akashusha pumzi. "Haya. Kila mmoja aniambie, akiukosa itakuwaje."

Nakijwa akasema, "Nikiukosa, baba, nitaondoka. Sina shamba hapa, sina jiko. Siwezi kuzeeka nikiwa abiria kwenye nyumba ya baba yangu."

Senkondo akasema, "Nikiukosa, naenda mjini kufungua gereji. Mimi ndiye mwanao wa kiume. Siwezi kulala chini ya gari kila siku kwa ajili ya usukani wa mwingine. Na mikono yangu naenda nayo."

Mzee akamgeukia mkamwana. "Na wewe?"

"Mimi nikiukosa nitakaanga maandazi kama jana," akasema Namkunda. "Ndiyo maana nautaka, baba. Ukimpa wifi, mume wangu anaondoka, na gari litakufa kwa kukosa fundi. Ukimpa mume wangu, wifi anaondoka, na wagonjwa watakosa dereva asiyeogopa mshale mwekundu. Nipe mimi. Kila asubuhi watakuja wote wawili jikoni kwangu kuuomba, na wote wawili watabaki."

"Nikuombe wewe ruhusa ya kazi yangu?" akasema Nakijwa.

"Nimwombe mke wangu?" akasema Senkondo.

Kwa mara ya kwanza siku ile, dada na kaka walikuwa upande mmoja.

Mzee Kajiru akautazama mkono wa kwanza, wenye sugu za usukani. Akautazama wa pili, mweusi kwa grisi. Akautazama wa tatu, mweupe kwa unga. Akasema, "Siuchomoi ufunguo huu mpaka jina litajwe. Na gari likizima kabla halijatajwa, nautia mfukoni, nitazikwa nao, na nyote mtatembea kwa miguu." Kisha akatutazama sisi majirani tuliojaa uani, kana kwamba tulikuja kwa kazi hiyo.

Hadithi iliachwa mikononi mwangu hapo, nami naitua mikononi mwenu. Mafuta yaliyomo tangini ni ya kidumu kimoja, na nusu yake imekwisha kuungua huku nikisimulia. Aliyesikia yupo, aliyechimba yupo, aliyenusa hamira yupo. Msisemezane kwa minong'ono, semeni kwa sauti, injini inanguruma na mzee ana uzito wa masikio.

Je, nani alistahili ufunguo?