Nyimbo Zilizobaki Majina

Mwaka ulikuwa 2015, wapendwa, mwezi wa Julai, katika nyanda za juu kusini. Ukungu ulishuka tangu alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi ulikuwa haujaondoka. Manyunyu yalikuwa membamba kiasi kwamba hayakusikika juu ya bati, lakini nguo zilizoanikwa Jumatatu zilianuliwa Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Nautaja mwaka na hali ya hewa kwa sababu mfano usio na tarehe husikika kama uliwatokea watu wengine, nami nataka huu tuusikie kama umetutokea sisi.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya, mzee aliyestaafu na aliyefiwa na mkewe. Sebuleni kwake palikuwa na kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kwa michango ya wanakwaya miaka kumi na moja kabla. Siku ilipoletwa kutoka mjini, mkewe ndiye aliyeipakata njia nzima, imefungwa katika blanketi. Kondakta alipomwambia aiweke chini ya kiti, mama yule alimwuliza, "Wewe kwenu watoto huwekwa chini ya kiti?" Ilipofika, usharika mzima ulikuja kuitazama. Wazee walivua kofia.

Ndani ya kompyuta hiyo wanakwaya walirekodi nyimbo zao. Wenye umri wangu mtakumbuka jinsi kazi ile ilivyofanyika. Madirisha ya darasa la Jumapili yalizibwa kwa magodoro, watoto walifukuzwa uani, na kila sauti ikarekodiwa peke yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Lengo lilikuwa kwamba mwimbaji mgeni akija, asikilize sauti yake mpaka aishike, kisha asimame na wenzake. Katika wimbo mmoja jogoo anawika, na hakuna aliyetaka kuurudia. Katika mwingine, kabla ya kuanza, anasikika mke wa mwalimu akisema, "Mwalimu, umeanza juu mno. Unataka tupande mlingoti?" Kisha kicheko cha kina mama, kisha wimbo.

Sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne, mwalimu aliziandika kwa nota. Ya pili hakuiandika. Mkewe aliipata kwa sikio, akawafundisha wenzake kwa mdomo, na kila mwalimu aliposhika kalamu alimwambia, "Wewe andika zako. Hii ya kwangu inatembea. Ukiiandika itakaa chini." Basi ikabaki bila kuandikwa. Mama yule alifariki mwaka 2011. Wenzake wa sauti ya pili, wengine walihama, wengine wamelala. Tangu hapo, sauti ya pili ya kwaya ile ilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta ya sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma ambacho mama yule alikifuma mwenyewe na kukitandika juu yake, nacho kilishuka nyuma mpaka mezani.

Sasa usharika ulikuwa ukijiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini. Mwalimu mpya wa kwaya, msichana aliyetoka chuoni, alitaka nyimbo zilezile za zamani ziimbwe. Lakini kompyuta ilikuwa imezeeka. Haikuitambua simu yake wala flashi yoyote mpya, kwa hiyo nyimbo hazikuweza kutoka. Ilibidi ibadilishiwe mfumo endeshi, yaani ule mpango mkuu unaoiamsha kompyuta na kuiendesha, iwekewe mpya zaidi. Msichana akaja na fundi kutoka mjini.

"Shikamoo, Baba Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuniulia mgonjwa wangu?"

"Tumekuja kumtibu, Baba. Lakini kabla ya kuanza, una nakala za nyimbo? Kama hakuna, tutafute kwanza njia ya kuzitoa."

"Nilinakili mwaka 2009, mke wangu akiwa hapa ameketi. Nyimbo zote, kwenye flashi yangu ya zamani. Nikazifungua moja moja, zikaimba zote. Mimi ni mtu wa uhakika, mwanangu, hata chumvi huwa naionja mara mbili."

Wote wakacheka. Je, ninyi mngeuliza swali jingine? Mtu mzima, msomi, amesema amenakili, amejaribu, na zimeimba. Mimi nisingeuliza.

Mzee alitoa sharti moja tu: kitambaa kisiguswe. Fundi akakubali, akafanya kazi yake kwa mbele. Kwa kuwa mfumo mpya ulikuwa kwenye sidii yake, aliiagiza kompyuta kwamba kila inapoamka itazame kwanza vitu vilivyowekwa kutoka nje, ndipo itazame diski yake ya ndani. Hatua ya kwanza ikaisha vizuri. Fundi akatoa sidii, kompyuta ikajizima ijiwashe upya, na hapo kioo kikawa cheusi. Yakatokea maneno meupe ya Kiingereza yaliyosema, kwa ufupi: ondoa kilichochomekwa, kisha uanze tena.

"Mbona nimeshaondoa," fundi akasema, akaitazama sidii mkononi mwake.

Akaanza tena. Maneno yaleyale. Akahamishia plagi ya umeme kwenye soketi nyingine ukutani, akairudia hatua ya kwanza yote tangu mwanzo. Maneno yaleyale. Akasema labda diski ya ndani imechoka, au mfumo mpya ni mzito kwa mashine ya umri ule. Chai ililetwa, ikapoa. Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani.

Mzee aliyatazama yote hayo mpaka uvumilivu ukamwishia. "Kijana, huo upya wenu sikuuomba. Nirudishie mfumo wangu wa zamani. Ule uliniamkia kila asubuhi kwa miaka kumi na moja bila kuniandikia Kiingereza."

"Ninao, mzee, kwenye sidii nyingine. Lakini ili uingie safi itanibidi niifute diski yote. Kitakachokuwamo hakirudi."

Msichana akageuka. "Baba, tusubiri kidogo. Tumpelekee mtu mwingine aitazame."

"Nimesema nakala ninayo."

"Una hakika, mzee?" fundi akauliza. "Nikibonyeza hapa, ndiyo basi."

"Futa."

Fundi akafuta. Akaweka mfumo wa zamani, ule mzee aliokuwa akiulilia. Ikachukua muda. Akatoa sidii. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, kioo kikawa cheusi, na maneno meupe yakatokea, yaleyale: ondoa kilichochomekwa, kisha uanze tena.

Fundi akasema, "Mzee, hebu nipatie hiyo flashi, angalau nihakikishe nyimbo ziko salama. Hii mashine nitaichukua niende nayo."

"Flashi haina haja ya kutafutwa. Vitu vidogo hupotea, kwa hiyo hiyo sijawahi kuichomoa. Ipo hapo nyuma tangu siku ile."

Akasimama, akakiinua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Nyuma ya kompyuta, imejaa vumbi, flashi ilikuwa imechomekwa. Fundi aliichomoa, akabonyeza kitufe. Kompyuta ikaamka mara moja, ikalia ile sauti yake ya zamani ya kuamka.

Mmeelewa kilichotokea? Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Iliambiwa itazame kwanza kilichochomekwa kutoka nje. Ikaitazama flashi ile, haikukuta mfumo wa kuiamsha, ikasimama hapo na kuomba iondolewe. Ilikuwa ikiwaambia tangu asubuhi. Mfumo mpya haukuwa na kosa, na diski haikuwa imechoka.

"Si neno," mzee akasema, na kwa kweli alikuwa anatabasamu. "Tumepoteza muda tu. Sasa fungua nyimbo."

Fundi akaichomeka flashi kwenye kompyuta yake ya mkononi. Majina yakatokea yote, yamejipanga, kila wimbo na kila sauti. Mzee akayasoma kwa kidole. "Unaona? Hakuna lililokosekana. Fungua huu, sauti ya pili."

Fundi akabofya. Wimbo haukuimba. Akabofya wa pili, kisha wa tatu. Akayatazama majina yale kwa karibu, na msichana akaja kuinama nyuma yake.

"Mzee," fundi akasema polepole, "hizi ulizichukua wapi siku ile? Ni zile picha ndogo zilizokuwa kwenye kioo, zenye majina ya nyimbo?"

"Hizohizo."

"Zile si nyimbo. Ni vielekezi. Kila kimoja kinaonyesha tu mahali wimbo ulipokuwa, ndani ya ile diski."

"Lakini nilizijaribu. Ziliimba."

"Ziliimba kwa sababu ulizijaribu kwenye kompyuta yako. Kielekezi kilikuwa kinachungulia humohumo ndani na kuutoa wimbo wenyewe."

Mzee akauliza, "Na sasa?"

Fundi aliichukua ile diski, akakaa nayo mjini siku kadhaa akijaribu kufufua kilichofutwa, lakini mfumo wa zamani ulikuwa umeshaandikwa juu yake. Hakikupatikana kitu.

Baadaye msichana alirudi kwa mzee, akamwomba aimbe sauti ya pili kadiri anavyoikumbuka. "Mimi ni besi, mwanangu," alisema. Lakini aliimba, chini kabisa, kwa sauti ya kukwaruza, na msichana akaipandisha na kuiandika. Beti za kwanza na za pili alizikumbuka karibu zote. Za tatu hakuzikumbuka. Alianza moja, akasimama, akaanza tena, akasimama palepale, kisha akasema, "Hapa alikuwa anakwenda mahali. Sijui alikuwa anakwenda wapi." Siku ya jubilei, walipofika kwenye beti za tatu, wasichana waliimba walivyoona inafaa. Wageni walisema ilipendeza. Mzee alikuwa amekaa safu ya mbele na alijua kila mahali ambapo haikuwa yenyewe.

Wapendwa, mwenye kosa ni nani? Msiniambie ni upya. Upya haukufuta kitu. Msiniambie pia ni mapenzi ya mambo ya kale, maana mimi nayapenda, na wengi mlioketi hapa mnayapenda, na kuna asubuhi ninaposikia kengele ya kanisa natamani kuwaona waliokuwa wakiivuta nilipokuwa mtoto. Mzee yule hakukosea kumpenda mkewe wala sauti yake. Alikosea kuamini kwamba anacho kitu kwa sababu kila alipobofya, kitu kiliimba.

Sasa nasema na sisi. Ni wangapi hapa ambao imani yetu inaimba kwa sababu mama yuko chumba cha pili anaomba? Cheti cha ubatizo kipo kabatini. Jina la babu limechongwa kwenye jiwe la msingi, pale mlangoni. Mmelipita asubuhi hii. Benchi la familia linajulikana. Na tukijijaribu, tunaimba. Tunaimba kwa sababu mama bado yupo, na bibi bado yupo, na kila tunapobofya, kielekezi kinakimbia chumba cha pili na kuutoa wimbo kwao. Tunajiona tumenakili. Nani kati yetu amewahi kujijaribu mbali na nyumba ile? Siku uko peke yako katika wodi ya hospitali ya mji usio na mtu wa kwenu, na simu ya mama haipokelewi tena, ukibofya kitaimba nini?

Vijana, msicheke, nanyi mnahusika, na sisi wazazi tunahusika zaidi. Tumewapa watoto wetu majina ya nyimbo. Tumewafundisha siku gani ya kusimama na siku gani ya kupiga magoti, tukaona majina yote yamefika, tukaridhika. Sauti yenyewe hatukuwapa. Tuliiacha ndani yetu, tukidhani tutakuwepo daima kuifungua wanapohitaji. Mama yule alikuwa na miaka saba ya kukaa na wasichana wadogo wa kwaya na kuwapa sauti ya pili. Mumewe alikuwa na miaka minne baada yake. Sisi tuna mingapi? Leo mchana, kabla ya kula, mkalishe mtoto mmoja, umwambie kwa maneno yako mwenyewe kwa nini unaomba, na siku gani maombi hayo yalikusimamisha ulipokuwa umeanguka. Kisha mwache ajaribu mwenyewe, bila wewe kumsaidia kumalizia.

Mtaniuliza, kwa kuwa mnanifahamu nilivyo mtu wa hesabu, ile kazi ya kompyuta iligharimu kiasi gani. Fundi alilipwa elfu thelathini. Nauli yake, kuja na kurudi, elfu nne. Umeme wa siku ile, kwa makadirio, mia tano. Jumla ni shilingi elfu thelathini na nne na mia tano. Sauti ya pili haimo katika hesabu hiyo.