Kwa Nini Kalunguyeye Hujipaka Povu Mgongoni

Wakati ule viumbe walikuwa bado wanazikana na kukaa matanga pamoja, na kalunguyeye hakuwa na mwiba hata mmoja. Mgongo wake ulikuwa laini kama sufi.

Katika kichuguu kilichohamwa na mchwa waliishi Nyamizi Kalunguyeye na mumewe, Kashindye. Walilala juu ya nyasi kavu ambazo Kashindye alizikata mwenyewe kila kiangazi. Hawakujaliwa mtoto. Wakaridhika, kwa kuwa Mola humpa kila mmoja fungu lake.

Mwaka mmoja, masika yakielekea ukingoni, Kashindye aliugua siku nne. Siku ya tano, alfajiri, alivuta pumzi asiirudishe.

Wakamzika. Nyamizi aliporudi, aliingiza pua kwenye nyasi za upande aliokuwa akilala mumewe, akamkuta. Harufu yake ilikuwa palepale: udongo wa kichuguu, ukwaju kidogo, na jasho lake. Akiinusa, chakula kilipita kooni. Asipoinusa, hakikupita.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya kufagia, kama ilivyokuwa desturi. Wifi yake, Mbula, alifika mapema na ufagio. Alifuatana na Pimbi, mtani wa ukoo ule. Na mtani msibani hana adabu, ndiyo kazi yake.

"Haya, marehemu katuachia nini?" Pimbi akapaza sauti. "Mchoyo huyu! Hata kufa, kangoja amalize kula kwanza, asije akatubakizia!"

Waombolezaji wakacheka. Nyamizi naye akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi, akatoka nje kuwashukuru waliokesha naye. Alipogeuka, Pimbi alikuwa amejitwisha nyasi za kitanda, anateremka nazo mtoni huku akiimba.

"Wifi, anazipeleka wapi?"

"Kuzitupa majini, wifi yangu. Nyasi za mgonjwa hizo. Nitakutandikia mpya, upate usingizi."

Mbula alisema kwa huruma, naye alikuwa amelia kuliko wote, maana Kashindye alikuwa kaka yake wa pekee. Nyamizi angemwambia nini? Kwamba kaka yake bado yumo mle kwenye nyasi? Angeonekana amerukwa na akili.

Akakimbilia ndani. Zilikuwa zimebaki nyasi chache pembeni, za kujaza konzi mbili. Akajibiringisha juu yake, akajikunja kama duara, uso tumboni.

"Inuka, mama," Mbula akambembeleza. "Inuka nifagie."

Hakuinuka. Akaomba moyoni: "Mola wangu, yeye umemchukua, nami sikukuuliza neno. Hizi niachie."

Mola akamsikia. Nyasi zile zikamshika mgongoni, zikaota mizizi katika ngozi, zikawa ngumu. Mbula alipojaribu kuzing'oa, zikamchoma vidole. Akaweka ufagio chini, akaketi kando ya wifi yake mpaka Nyamizi akakunjuka mwenyewe.

Lakini harufu haikai. Mvua zilinyesha, vumbi likapita, na arobaini ilipotimia Nyamizi alipinda shingo kunusa miiba yake asikute kitu. Hapo ndipo alipolia kwa sauti.

Siku moja akipita chini ya mkwaju aliokota tunda lililopasuka. Likamkumbusha harufu ya mumewe. Akalitafuna mpaka mate yakawa povu, akapinda shingo, akajipaka mgongoni. Hapana, haikuwa yenyewe. Kesho yake akajaribu udongo, kesho kutwa gome la mti. Hakuchoka.

Tokea hapo hadi leo kalunguyeye ana miiba, na akishikwa kwa pupa hujikunja. Na kila akutanapo na harufu asiyoijua, hukitafuna kitu chenye harufu hiyo, akatoa povu, akajipaka mgongoni. Siku hizi watu wa mijini humfuga kwenye vizimba. Akinusa sabuni mpya au kiatu cha mgeni akaanza kutoa povu, wenye nyumba hushtuka, wakamkimbiza kwa daktari wa mifugo.

Haumwi. Anamtafuta mtu wake, na Mola hajamkataza.