Konokono wa Bi Tofi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maana yake si ngumu: mtu akiufunika ugonjwa wake kwa aibu au kwa majivuno, siku moja ugonjwa huo utajitangaza wenyewe, wala hautachagua mahali pa kujitangazia. Wengi huisema methali hii wakidhani kwamba kifo kinachotajwa ni cha mfichaji. Bi Tofi naye alidhani hivyo hivyo, mpaka siku aliyoona kwamba kifo kinaweza kumkosa mwenyewe kikamwendea mtoto.

Bi Tofi alikuwa mtengeneza peremende. Aliuzia katika chumba cha mbele cha nyumba yake na kupikia katika chumba cha nyuma. Peremende zake hazikuwa kama za madukani, kwa sababu alizifinyanga kwa umbo la vitu vya utotoni. Kulikuwa na vifungo vya tangawizi vyenye matundu manne, gololi za limau, na vipande vya maziwa vyenye ladha ya ule ukoko ambao watoto huugombania chini ya sufuria. Kulikuwa pia na konokono wa ufuta, waliojiviringisha na pembe zao mbili. Watu wazima waliingia dukani wamekunja nyuso na kutoka wakilamba vidole.

Makopo yake ya jikoni hayakuwa na maandishi hata moja. Alijisifia jambo hilo. "Maandishi ni ya wageni," alikuwa akisema. "Mimi pua yangu inajua kusoma."

Miezi mitatu kabla ya mkasa huu, homa kali ilimlaza wiki mbili. Alipoinuka kitandani aliwaambia watu kwamba amepona, na kweli nguvu zilikuwa zimemrudia. Lakini asubuhi ya kwanza alipoponda iliki, hakusikia harufu. Akanusa kitunguu. Akanusa mafuta ya taa, akanusa hata viatu vyake, ambavyo marehemu mumewe alikuwa akiviita adui wa taifa. Hakusikia kitu. Ulimi wake ulikuwa umebakiwa na tamu, chumvi, chachu na chungu, basi. Alikaa juu ya kigoda akalia kimyakimya, aproni bado kiunoni.

Tangu siku hiyo aliishi roho mkononi. Alipika kwa macho na masikio: alipima viungo kwa kijiko, akadondosha tone la sukari katika maji baridi na kusikiliza kama limelia "ka", dalili kwamba sukari imeiva. Mteja alipotia peremende kinywani, Bi Tofi alimtazama usoni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani. Nani angenunua peremende kwa mtu asiyejua zinanukia nini? Mara kadhaa alitaka kumwambia dada yake, lakini kila mara aliishia kuuliza habari za nyumbani.

Dada huyo alikuwa mshonaji, mwanamke mwenye mikono isiyotulia, na mwezi huo alikuwa anatimiza miaka sitini. Bi Tofi alimwahidi sinia zima la peremende za utoto wao. Siku moja kabla ya sherehe, mshonaji alikuja kumsaidia usafi. Aliteremsha makopo yote, akafuta rafu, akaosha vifuniko, akapanga upya.

Sasa, katika makopo hayo kulikuwa na mawili yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa na ufuta uliokaangwa na kusagwa, jingine lilikuwa na karanga zilizokaangwa na kusagwa. Vyote viwili vilikuwa na rangi ya udongo mkavu. Kopo la ufuta lilikuwa na kifuniko chekundu, la karanga cha bluu. Karanga Bi Tofi alizitumia kwa wateja tu. Hakuwahi kuzitia katika kitu kinachokwenda nyumbani kwa dada yake, kwa sababu ya Chiriku.

Chiriku alikuwa mjukuu wa mshonaji, msichana wa miaka sita asiyenyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Mwaka uliopita alikula nusu ya biskuti yenye karanga. Uso ulimvimba mpaka macho yakafumba, na pumzi yake ikatoka na mlio kama wa filimbi. Aliponea chupuchupu. Tangu hapo mama yake, ambaye alikuwa nesi, hakutoka nyumbani bila sindano ya dharura mkobani.

"Makopo nimeyapanga nilivyoona yanakaa," mshonaji alisema akijifuta mikono. "Kama nimekosea, utayapanga mwenyewe. Si pua yako inajua kusoma?"

Bi Tofi alicheka, na kicheko kilimtoka kikavu. Hapo ndipo pa kusema. Walikuwa wawili tu, mlango umefungwa, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu aliyewahi kumbeba mgongoni.

"Usijali, dada," alisema. "Nitajua."

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya rafu na hofu tele. Kopo lenye kifuniko chekundu lilikuwa limehamia juu. Alilifungua, akanusa kwa mazoea, akaonja. Ulimi ulimwambia kuna mafuta na unga laini, kisha ukanyamaza. Angeweza kumwita jirani yake, muuza nguo, anuse kidogo tu. Lakini muuza nguo mdomo wake haukuwa na pazia; kabla ya adhuhuri mtaa mzima ungekuwa na habari.

Akakitazama kifuniko. Chekundu ni ufuta, alijiambia. Siku zote chekundu ni ufuta. Akachota vikombe viwili, akatengeneza konokono kumi.

Nyumbani kwa mshonaji, cherehani ilikuwa imesogezwa pembeni na kufunikwa shuka, na viti vya majirani vimejaa sebule. Bi Tofi alianzisha mchezo wake. Mtu afumbe macho, atie peremende kinywani, kisha aseme imemkumbusha nini. Mmoja alipata gololi ya limau akasema imemkumbusha siku aliyomeza gololi ya kweli, na jinsi mama yake alivyokaa siku mbili akiingojea. Watu walicheka wakashika mbavu. Bi Tofi naye alianza kupumua.

Ikafika zamu ya shemeji yake, mume wa mshonaji. Alipewa konokono. Alitafuna polepole, macho yamefumbwa.

"Shule," alisema. "Karanga tulizokuwa tukificha mfukoni, mwalimu asituone."

"Umekosea, mzee," walimcheka. "Huyo ni wa ufuta."

"Basi ulimi wangu umezeeka," shemeji alikubali.

Bi Tofi hakucheka. Alimwinamia dada yake sikioni. "Dada, jana ulipoosha vile vifuniko, ulivirudishaje?"

"Niliviosha vyote beseni moja, nikafunika chochote na chochote. Si vyote saizi moja?" Mshonaji alimgeukia. "Kwani vipi?"

"Hakuna kitu."

Alisimama akachukua sahani ya konokono. "Hawa hawajakauka sawasawa, niwarudishe jikoni," alisema, na sauti yake ilimshangaza kwa utulivu wake. Sahanini walikuwamo saba. Mmoja alikuwa tumboni mwa shemeji. Wawili hawakuwapo.

"Chiriku yuko wapi?"

"Yuko barazani na konokono wake," mtu alijibu. "Anawashindanisha mbio kwanza. Unamjua."

Kutoka kiti kile hadi barazani hapakuzidi hatua kumi na tano. Bi Tofi hakukimbia. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kwa muda mrefu baadaye: alitembea. Alijua mtu akikimbia huulizwa sababu, na hata wakati ule bado alitarajia kumnyang'anya mtoto peremende kimyakimya na kurudi na siri yake ikiwa nzima.

Chiriku alikuwa amekaa sakafuni, na mbele yake kulikuwa na konokono mmoja. Alikuwa akijikuna shingo.

"Bibi Tofi, huyu ndiye kashinda," alisema. "Aliyeshindwa nimemla. Mdomo unaniwasha."

Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba. Bi Tofi alimbeba, akapiga kelele ambayo hakujua kama ni yake. "Sindano. Leteni sindano, kala karanga. Mimi sisikii harufu, tangu ile homa sisikii kitu. Ni karanga, nimempa karanga."

Nesi, mama yake Chiriku, alitoka jikoni, mkono ameshautia mkobani. Hakuuliza swali. Alimdunga mwanawe pajani, akamlaza, akamwambia apumue naye, moja, mbili, huku filimbi ile mbaya ikianza kulia kifuani mwa mtoto. Chiriku, ambaye hakuwahi kunyamaza, alinyamaza. Shemeji alitoa gari kwa kinyumenyume akaangusha chungu cha maua, na wote wakaenda hospitali bila mtu kufunga mlango wa nyumba.

Kwenye korido ya hospitali kulikuwa na benchi moja refu. Bi Tofi alikaa mwisho huu, mshonaji mwisho ule. Kila mlango ulipofunguliwa, Bi Tofi aliinuka nusu, kisha akakaa tena. Aliomba kwa kila neno alilolijua, na maneno yalipokwisha aliomba bila maneno.

Baada ya saa nzima daktari alitoka. Alisema mtoto sasa anapumua vizuri, ila atabaki chini ya uangalizi mpaka kesho. "Mngechelewa dakika chache," alianza, kisha akawatazama na kuacha.

Ndipo mshonaji alipohama upande wake wa benchi akaja kukaa naye. Mikono yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imetulia.

"Mimi ndiye niliyeosha vile vifuniko," alisema.

"Dada, kosa si lako."

"Sikuulizi kosa la nani. Miezi mitatu, mdogo wangu. Ulikuwa unaniogopa mimi? Ungeniacha nimuue mjukuu wangu kwa mikono yangu, huku nikidhani nakufanyia usafi."

Bi Tofi alikuwa ameogopa kupoteza wateja, akaogopa kuchekwa. Kumbe katika hofu zake zote alikuwa ameiacha ile moja iliyostahili kuogopwa. Alimwegemea dada yake begani akalia, na dada yake hakumsukuma.

Kopo la karanga lilitupwa. Mshonaji alishona mikanda ya kitambaa yenye majina kwa uzi mweusi, akaivalisha makopo yote yaliyobaki. Mlangoni mwa duka Bi Tofi alibandika karatasi aliyoiandika mwenyewe, inayosema kwamba hasikii harufu na kwamba kila anachokipika huonjwa na wengine kabla ya kuuzwa. Wateja kadhaa hawakurudi. Muuza nguo aliitangaza habari ile kwa bidii, kisha akawa wa kwanza kuja kuonja, bure. Daktari aliyempima alimwambia huenda harufu ikarudi, huenda isirudi, ila alipaswa kuja mapema.

Wiki tatu baadaye Chiriku aliletwa dukani. Aliingia akiongea, akaongea mpaka Bi Tofi alipoweka mbele yake konokono mpya wa ufuta. Mtoto akanyamaza. Alimgeuza konokono huku na huku.

"Huyu kanuswa na nani?"

Swali lilimchoma Bi Tofi kuliko maneno yote ya hospitali. "Kanuswa na bibi yako," alisema. "Na mama yako, na jirani. Mimi sikumnusa, mwanangu. Siwezi."

Chiriku alifikiri. Kisha akamtia konokono mfukoni mwa gauni lake. "Nitamla siku nyingine," alisema kwa adabu, akamshika mama yake mkono.

Bi Tofi aliwatazama wakivuka barabara, na hakumlaumu mtoto. Kifo hakikumchukua mtu siku ile, lakini kilipita barazani, kikasema hadharani yale ambayo yeye aliyaficha miezi mitatu. Hivyo ndivyo ilivyo: mficha maradhi kifo humuumbua.