Miguu ya Kukodi

Akukodiaye miguu hukuchagulia njia. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia Zainabu maneno hayo jikoni, mkaangua kicheko, eti miguu nayo inakodishwa kama baiskeli! Haya, chekeni, meno mnayo. Mkimaliza mtulie, kwa sababu mmeuliza yametoka wapi na mimi nakujua yalikotoka. Si maneno ya kale, wala hayakutungwa na wenye hekima wakinywa kahawa. Yalitoka kwenye bustani ya michezo, mahali watu wanapolipa kiingilio ili wapige kelele, na aliyeyasema ni mama mtu mzima aliyeitwa Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani alikuwa akikaa Dar es Salaam kwa mwanawe Mbaruku. Ujana wake wote ulikwisha kwenye shamba la mkonge la Kwamazuka, akianika katani juani, na magoti yake yalibaki hukohuko. Alitembea kwa mkongojo, polepole, akipumzika kila penye kivuli. Lakini alifika. Sokoni alifika, msibani alifika, kwa shoga yake mtaa wa pili alifika, mradi mtu asimharakishe.

Siku moja akapigiwa simu na Mzee Kibwana, jirani yake wa zamani kule shambani. "Mama Riziki," akamwambia, na moyo wa Bi Sikudhani ukashtuka. Mjini wote walimwita Mama Mbaruku. Riziki alikuwa mtoto wake wa kwanza, binti, aliyekufa kwa surua kabla Mbaruku hajazaliwa, akazikwa palepale kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge. Hakubaki mtu wa kumwita kwa jina la mtoto huyo isipokuwa Kibwana.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Shamba la mkonge lilikwisha kufa, na tajiri mmoja alilinunua akajenga bustani kubwa ya michezo. Makaburi ya kambi yaliachwa nyuma, pembeni kabisa, yamezungukwa na ua. Sasa tajiri alitaka kuongeza bwawa, na wazee wa kijiji walikubaliana naye kwamba makaburi yahamishwe. Kila mwenye maiti wake aje amwonyeshe Kibwana kaburi, litiwe kigingi, na mifupa izikwe upya karibu na msikiti. Lisilo na kigingi litasawazishwa. Mwisho wa kuja ulikuwa Jumapili, sala ya alasiri.

"Yale makaburi madogo yapo matatu pamoja," Kibwana akasema, "na hayana hata jiwe. Mimi siwezi kujua wa kwako ni yupi. Njoo mwenyewe."

Bi Sikudhani alitaka kuondoka siku ileile. Mpwa wake alikuwa tayari kumsindikiza kwa basi, mkongojo mkono huu, mpwa mkono ule. Mbaruku akakataa katakata. Nao si ukatili, msije mkamwona Mbaruku ni shetani! Alimpenda mama yake. Ila alikuwa katika wale watu ambao wakikupenda huna tena la kusema.

"Mama, uende ukaanguke njiani watu waniseme? Watoto wamefunga shule, na bustani yenyewe ndiyo hiyohiyo wanayonililia kila siku. Tutakwenda wote kwa gari langu. Na pale mlangoni wanakodisha vigari vya umeme kwa wazee. Utapelekwa kwa heshima, umekaa kitako."

Moyo wa Bi Sikudhani ukakubali. Nani asiyependa kupelekwa kwa heshima?

Jumapili asubuhi wakafika, Mbaruku, mkewe Hidaya, watoto wao wawili, na bibi. Kigari kilikuwa kizuri, siwafichi. Magurudumu matatu, kiti cha sponji, usukani, na kikapu mbele. Bi Sikudhani akatia kwenye kikapu kichupa chake cha maji na tawi la mrehani alilolileta kwa ajili ya kaburi. Mkongojo ulikuwa mkononi.

"Huo nao wa nini?" Mbaruku akauliza. "Mtu ana gari na bado anabeba gongo? Acha hapa kwa hawa vijana, tutauchukua tukirudi."

Akauacha. Akafundishwa pa kubonyeza, akabonyeza, kigari kikaondoka, na yule mama akacheka kwa sauti mpaka ushungi ukamdondoka. Miaka mingapi hakuwa amekwenda mbele ya watu! Siku zote alikuwa wa nyuma, wa kungojwa. Sasa wajukuu walikimbia kumfuata, na Shufaa, yule mkubwa, akapiga kelele, "Bibi, punguza mwendo!" Akawaambia wamfuate, kwani makaburi yako ng'ambo ya bustani, akimaliza la kwake watacheza mpaka wachoke.

Hapo ndipo walipopita kwenye gurudumu kubwa, lile la kupandisha watu angani. Foleni ilikuwa imejikunja mpaka kwenye vibanda vya bisi, watu wamesimama juani na watoto mabegani. Watoto wa Mbaruku wakang'ang'ania, na Mbaruku akaanza kuwakatalia. Mlinzi wa pale akaona kigari.

"Mwenye kigari anapita huku," akasema, akafungua mlango wa pembeni. "Yeye na alio nao. Hawapangi foleni."

Lo! Macho ya Mbaruku yalivyofunguka. Hidaya akashika kifua. "Subhanallah, mama ni baraka!" Wakapita mbele ya kundi zima, na Bi Sikudhani akaachwa chini ya gurudumu kuwashikia viatu.

Walipoteremka akabonyeza kigari kuelekea kwenye makaburi. Mbaruku akamwahi. "Mama, moja tu. Treni ile ya kuporomoka. Watu wanasema foleni yake ni ya nusu siku, na sisi tunapita hivi hivi." Likawa moja. Kisha magari ya kugongana, nayo yakawa moja. Kisha nyumba ya vioo. Kila mlango, mlinzi alitaka kumwona mwenye kigari, na kila mlango mwenye kigari alionyeshwa kama cheti. Watu wa kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Mwanamke mmoja akasema bila kuficha mdomo, "Huyo bibi mwenyewe mbona hapandi kitu? Amekodiwa?" Bi Sikudhani akainamisha uso kwa haya.

Adhuhuri ikapita. Akamwita mwanawe. "Mbaruku, baba, mimi sikuja kucheza. Ni leo mwisho, na ni kabla ya alasiri. Waache watoto na mama yao, mimi nitakwenda mwenyewe, kigari ninacho."

Hidaya ndiye aliyejibu, kwa upole wote, huku akimfuta mtoto jasho. "Mama nawe ukiondoka, sisi tutapita wapi? Si tutaanza kupanga foleni na kundi lote lile?"

Mnasikia neno hilo? Limesemwa kwa upole, na aliyelisema hakuona hata lina nini.

Wakala chakula. Walipokuwa wakinawa, Bi Sikudhani aliona njia imekaa wazi mbele yake, akabonyeza akaondoka kimyakimya. Alikuwa amekwisha kulipita bwawa la mashua aliposikia viatu nyuma yake. Mbaruku alikuwa anahema na kucheka. Akanyoosha mkono, akazima kigari, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa suruali.

"Mama, utatupotea! Kitambulisho changu wamekishika kule mlangoni, kigari hiki kiko juu yangu. Tumalize mteremko wa maji, halafu nakupeleka mwenyewe. Nimekuahidi au sikukuahidi?"

"Umeniahidi."

"Basi."

Wakamsukuma hadi kwenye mteremko wa maji, mlinzi akamwona, wakapita. Yeye akabaki kivulini karibu na mlango. Na watoto mnawajua na maji. Waliteremka wakapanda, wakateremka wakapanda, na Mbaruku mwenyewe, mtu mzima na kitambi chake, akiteremka nao kwa mayowe. Furaha yake ilikuwa ya kweli, nayo ndiyo iliyomsahaulisha.

Bi Sikudhani akaanza kutazama vivuli, namna walivyokuwa wakitazama enzi za mkonge kujua saa ya kutoka kazini. Vilikuwa virefu. Akamwita mlinzi. "Mwanangu, nisukume mpaka kule mwisho, penye ule ua."

"Bibi, kigari hakiguswi bila aliyekikodi. Nitafukuzwa kazi."

"Basi niletee mkongojo wangu, uko mlangoni."

"Mlangoni ni mbali, bibi, na mimi siwezi kuacha hapa. Vumilia, wanao wanakuja sasa hivi."

Akashuka. Akashika chuma cha mlango, akapiga hatua, akashika ukuta, akapiga nyingine. Ukuta ukaisha. Mbele ilikuwa sakafu tupu iliyolowa maji, na hapakuwa na cha kushika. Angekuwa na gongo lake angekwenda, hata kama ni kwa kuburura. Akasimama pale, akiwa ameegemea pembe ya ukuta, watu wakimpisha kwa adabu na wengine wakimwambia pole bibi. Na katikati ya muziki ule wa bustani, kutoka kijijini, akaisikia adhana ya alasiri. Akaanza kulia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama.

Kilio hicho ndicho kilichomtoa Mbaruku majini. Alikuja akidondosha maji, akampakia, akatia ufunguo, akakimbia kando ya kigari njia nzima. Wakaupita ua. Hapakuwa na mishubiri tena, ile iliyopandwa vichwani mwa makaburi tangu enzi za kambi. Palikuwa na tingatinga limesimama, dereva wake anakunywa maji, na ardhi nyekundu, tambarare, mbichi. Upande mmoja palikuwa na vigingi vyeupe kwa wale waliokuja. Mzee Kibwana alikuwa amekaa juu ya karai, jembe miguuni. Alipomwona hakusimama.

"Mama Riziki," akasema. "Nimekungoja tangu asubuhi. Nimewaambia wasubiri, wamesubiri mpaka adhana ilipolia. Nilijua ni mmoja katika wale watatu. Nikasema nitie kigingi popote, nikaogopa. Nitakupaje mtoto wa mtu mwingine?"

Bi Sikudhani akatazama uwanja ule. Akaonyesha mahali kwa kidole, kisha akakihamisha kidole, kisha akakishusha. Bila mishubiri hata yeye hakujua tena.

Mbaruku akapiga magoti kwenye udongo, nguo zake zimemganda mwilini. Kaburi lile lilikuwa la dada yake, tumbo moja, ziwa moja. "Mama, kwa nini hukuniambia ni saa hii? Si ungenikazania?"

"Nilikwambia nyumbani," mama akasema. "Nikakwambia asubuhi. Nikakwambia adhuhuri. Nikaondoka mwenyewe, ukanifuata ukachomoa ufunguo. Ulitaka nikwambie mara ngapi?"

"Nilidhani tutawahi. Wallahi nilidhani tutawahi. Nilitaka wote mfurahi."

"Najua."

"Nisamehe, mama."

Mzee Kibwana aligeuza uso akatazama jembe lake. Bi Sikudhani hakumpigia mwanawe kelele, na pengine kelele ingemfaa zaidi. Alichukua tawi la mrehani kwenye kikapu, limenyauka kwa jua, akalitupa kwenye udongo ule, popote tu. Akasoma Fatiha. Alipomaliza akasema, "Kosa ni langu, Mbaruku. Miguu yangu ilikuwa mibovu, lakini ilikuwa yangu, ikienda nilikotaka. Nikaiacha mlangoni kwa sababu ya kiti cha sponji. Akukodiaye miguu hukuchagulia njia. Nirudishe."

Kibwana ndiye aliyeyachukua maneno hayo akayapeleka kijijini jioni ile, yakasambaa. Wafanyakazi wa bustani nao wakayasema, wakayafikisha mjini, mpaka leo shangazi yenu anayasema jikoni bila kumjua mwenyewe.

Mbaruku hakulala vizuri mwaka mzima. Mwishowe akamnunulia mama yake kigari kipya, si cha kukodi, akamvalisha ufunguo shingoni kwa uzi mbele ya majirani waliojaa barazani. Kila mtu akasema, mashallah, huyo ndiye mtoto! Bi Sikudhani akakipapasa kiti. Akamshukuru mwanawe, kwa sababu mtoto akikupa hushukuriwa. Kisha akamwuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kizuri sana, baba. Sasa niende nacho wapi?"

Mbaruku akautazama ule ufunguo shingoni mwa mama yake. Mahali pamoja alipotaka kupelekwa palikwisha kusawazishwa.

Haya, mlikuwa mnacheka nini? Akukodiaye miguu hukuchagulia njia.