Kabati la Fundi Semkiwa

"Kabati lisilo na kombe, kuku hutaga." Mmemsikia muuza kahawa akimtupia jirani yake neno hilo, mkacheka, kisha mkaja kuuliza limetoka wapi. Halikutoka vitabuni, vijana. Lilizaliwa hapa hapa Kwegole, na lilizaliwa hivi.

Wakati huo mkonge ulikuwa bado una bei, na mji ulikuwa na timu yake, Singa. Jumapili Singa ikicheza, soko lilifungwa saa nane, na mwadhini na katekista walikaa benchi moja wakimtukana refa mmoja. Fundi Semkiwa, seremala, hakukosa mechi. Alikuwa na hamu moja tu: kuliona kombe likiingia Kwegole kabla hajafa. Kwa hamu hiyo alitengeneza kabati la mninga, lenye milango ya vioo na rafu tatu, akalipeleka klabuni kama zawadi. Tangu hapo ikawa desturi. Kila Jumamosi ya kufungua msimu, mashabiki walikwenda na vitambaa, wakalipangusa kwa mafuta ya nazi huku wakiimba, utadhani wanaandaa chumba cha bibi harusi.

Kombe halikuja. Sababu ilikuwa moja, nayo ilikuwa na kitambi: Mbaruku, mwenye mashine za kusaga na mwenye timu. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa kutosheka.

"Nafasi ya nne ina ubaya gani?" alikuwa akisema. "Hatushuki, hatupandi, tunalala usingizi."

Ukaja mwaka wa Chambuso, mkata mkonge mwenye mguu wa kushoto usiokosea. Alifunga mpaka Singa ikabakiza mechi moja, na ushindi mmoja tu, kuchukua kombe la mkoa. Alhamisi, siku tatu kabla ya mechi, Mbaruku akamuuza kwa timu ya mji mwingine.

"Tukichukua kombe tutapanda daraja," aliwaambia mashabiki. "Tukipanda, tutaitwa kucheza mpaka Songea. Nani ana nguvu hizo?"

Singa ilifungwa mawili bila. Semkiwa alilala na njaa, chakula kikiwa mezani kimefunikwa.

Hata hivyo, msimu mpya ulipofunguliwa, alichukua kitambaa chake akaenda. Safari hii walikuwa watu sita tu. Walikuta mlango wa kabati u wazi, na kwenye rafu ya juu, juu ya jezi ya Chambuso, ametulia kuku mwekundu.

"Mbaruku!" Semkiwa akamwita mwenye timu, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Kuku wa nani huyu?"

"Wangu. Mwache, fundi, anaatamia. Zimebaki siku nne."

"Ndani ya kabati la kombe?"

"Kombe lipi, ndugu yangu? Kabati limekaa tu hilo. Angalau sasa litatoa vifaranga."

Shabiki mmoja alicheka. Semkiwa hakucheka. Aliutazama ule mninga alioupiga msasa kwa mkono wiki tatu nzima.

"Kuku hana kosa," akasema. "Ameona mahali ambapo hapangojwi kitu. Kabati lisilo na kombe, kuku hutaga."

Akamnyanyua kuku taratibu, pamoja na jezi na mayai yake, akamweka kwenye kiti cha Mbaruku. Kisha watu sita wakalibeba kabati, wakakatiza nalo sokoni.

"Fundi, mnahama?" wachuuzi waliuliza.

Naye aliwajibu kwa maneno yale yale. Jua linazama, mji mzima ulikuwa unayasema.

Singa ilikufa baada ya miaka mitatu, tena bila kishindo. Uwanja wake ndio huo mnaouona, wanapoegesha malori. Kabati liko sebuleni kwa Semkiwa. Macho yake sasa hayaoni vizuri, lakini ligi ikifunguliwa huvitafuta vile vioo kwa vidole, akavipangusa kimoja kimoja. Rafu zote tatu ni tupu. Mkewe aliomba kupanga sahani humo, akakataliwa.

"Baba Mwanaidi," mama huyo alimuuliza mwaka huu, "timu yenyewe haipo. Unalipangusia nani?"

"Nikiacha kungoja, mke wangu, wataingia."

"Nani?"

Fundi aliendelea kupangusa. Kabati lisilo na kombe, kuku hutaga.