Kengele ya Mzee Pyo

Nina watu watatu na kengele moja. Sikilizeni kesi yao.

Katika kijiji kimoja cha milimani huko Korea, Seo-rin alikuwa mtunzi. Alijua kuoanisha nyimbo za wakulima na fidla za Ulaya. Dal-su, mbeba jeneza, alijua mwendo. Mama Ok-bun hakujua muziki. Alikuwa na mwana mmoja, Chun-sik, mchimba mawe.

Wimbo wa kusindikiza maiti aliujua Mzee Pyo peke yake. Alitangulia mbele ya jeneza na kengele mkononi, akiimba na kulitaja jina la marehemu. Seo-rin alimwomba amwimbie, auandike.

"Maiti yuko wapi?" mzee akauliza.

"Hayupo."

"Basi subiri. Ukiimbwa bila maiti, wimbo huu huenda kutafuta maiti."

Mwezi huohuo jiwe likamwangukia Chun-sik. Seo-rin akafika msibani na daftari.

"Umekuja kulia au kuandika?" Ok-bun akamuuliza.

"Kuandika, mama."

"Afadhali hudanganyi. Tembea nyuma ya mwanangu. Na jina lake uliandike."

Mzee Pyo akaimba, naye Seo-rin akaandika hadi kaburini, vidole vikafa ganzi kwa baridi.

Mjini, wapiga fidla wa Seo-rin waliupiga mbio kama wimbo wa arusi. Dal-su akaitwa. Alijitwika gunia la mchele, akatembea mbele yao siku nne.

"Mna haraka gani?" akawaambia. "Tunayembeba hana."

Ndipo wakaupata.

Kisha Mzee Pyo akashikwa na kichomi. Akausia: "Kengele apewe aliyeuokoa wimbo. Mwenye kengele ndiye ataamua uimbwe wapi." Hakutaja mtu. Akafa.

Kwenye maziko yake, Seo-rin aliimba kutoka kwenye daftari. Alipofika penye jina, akaimba kama lilivyoandikwa: Chun-sik. Wabebaji wakaitikia. Ok-bun akasikia mwanawe akizikwa mara ya pili, na mzee akashuka kaburini bila jina.

Sasa kengele iko juu ya udongo mbichi. Onyesho la wimbo mjini ni kesho.

"Nisingeandika, wimbo ungezikwa naye leo," anasema Seo-rin. Anaitaka ukumbini.

"Bila miguu yangu ungekuwa ngoma ya arusi," anasema Dal-su. Anataka ilie mbele ya maiti tu.

"Bila mwanangu usingeandikwa," anasema Ok-bun. Anataka kuifukia, jina lile lisiimbwe tena.

Mzee hawezi kuulizwa. Wewe uliyesikia yote, ungemkabidhi nani kengele?