Gunia la Nakijwa

Mwanamke mmoja alikuwa na shamba dogo la maharage mlimani, nalo ndilo lililowalisha wanawe. Jina lake Nakijwa. Mwaka huo kwa jirani palijaa kishonanguo, lile gugu ambalo mbegu zake zina kulabu za kung'ang'ania nguo. Lenyewe halina miguu. Husafiri kwa migongo ya watu.

Desturi ya kule ni msaragambo: wanawake hupalilia pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wote wamevaa kanga za sare. Basi wakapalilia kwa jirani huku wakiimba, kisha wakaingia shamba la pili na mbegu zimewaganda kwenye mapindo. Walikuwa wakisaidiana, na papo hapo wakipandiana magugu. Shamba lililofuata lilikuwa la Nakijwa.

Nakijwa aliliona hilo na moyo ukamchemka. Akachukua gunia la katani, lile la kufutia miguu mlangoni, akalifunga juu ya kanga yake. Kulabu zilipomrukia kutoka kanga za wenzake zilikamata nyuzi za gunia, zikanasa humo humo, zisipate pa kushika pengine. Alipofika mpakani kwake akalivua, akalikung'utia motoni.

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Wifi yake, Nanzia, hakucheka. Alisema Nakijwa anawatia aibu kwa kuvuruga sare, na asipoitupa takataka ile, hakuna atakayempalilia. Nakijwa aliogopa, kwani shamba lile lilimzidi nguvu mtu mmoja. Hata hivyo akasimama mpakani, jembe mkononi.

"Wifi, wanangu hawali sare! Anayeingia hapa avae gunia, au arudi na mbegu zake."

Wakarudi. Akapalilia peke yake, mgongo ukimuuma, maana gunia halishiki jembe. Magugu machache yalichomoza, akayang'oa. Wakati wa mavuno Nanzia alikuja kuomba maharage, kikapu kitupu kichwani, na kiunoni amefunga gunia.

Shamba ni mwili wako. Gugu ni saratani, na kulabu ni protini inazotumia kujishikiza na kusambaa. Gunia ni nyuzinyuzi za mimea, ambazo watafiti wanasema huenda zikanasa baadhi ya kulabu hizo. Bado wanachunguza, na jembe la daktari halitupwi. Lakini wewe unayekoboa mahindi mpaka yawe meupe pe, pumba zenye nyuzinyuzi ukawamwagia kuku, nani alikufundisha kulionea haya gunia?